Mama ana sukari na anakunywa mwarobaini kila asubuhi: jibu kwa msomaji wa Kisauni

Swali: Mama yangu ana miaka 61 na ana ugonjwa wa sukari. Kliniki wamempa metformini na glibenklamidi. Tangu Ramadhani iishe, anachemsha majani ya mwarobaini ulio uani kwetu Kisauni, Mombasa, na kunywa kikombe kizima asubuhi kabla hajala kitu. Anasema sukari imeshuka na sasa anataka kuacha vidonge. Lakini wiki iliyopita nilimkuta jikoni anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Alipokunywa chai yenye sukari akatulia. Tena alinunua mjini, kwenye duka la dawa za Kihindi, chupa ya mafuta ya mwarobaini, na jirani ameniambia nimpe mwanangu wa miezi mitano robo kijiko kila jioni kwa ajili ya chango. Bado sijampa. Je, mwarobaini una madhara? Mbona tumeutumia tangu tukiwa wadogo?

Jibu: Dada yangu, nianze na ile chupa, maana hiyo haingoji. Usimpe mtoto mafuta hayo kwa mdomo, hata tone moja. Umefanya vyema sana kuogopa. Yaondoe palipo dawa za mtoto, uyaweke mahali ambapo shangazi au yaya hatayakuta akadhani ni dawa ya tumbo.

Hili silisemi kwa kukisia. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet juu ya watoto wachanga waliopewa mafuta haya nyumbani kama dawa ya maradhi madogo madogo. Baada ya muda mfupi walianza kutapika, wakalegea na kusinzia, wakawa wanapumua mbiombio, kisha wakashikwa na degedege mara kwa mara. Damu ilijaa asidi, na ini na ubongo vikadhurika. Wengi hupona wakiwahishwa hospitali, lakini wapo wanaokufa na wapo wanaobaki na ulemavu wa ubongo. Kiasi kilichowadhuru hakikuwa kikubwa. Ni vijiko tu, kiasi ambacho mzazi yeyote angekiona ni kidogo.

Kwetu Pwani kuna hatari nyingine juu ya hiyo. Mtoto akitetemeka na macho yakapinduka, neno la kwanza litakalotajwa nyumbani ni dege, na safari ya kwanza huenda ikawa ya kutafuta kombe, yale maji ya kuoshea maandishi ya Kurani. Hakuna atakayeikumbuka robo kijiko ya jioni. Basi ukimjua mtoto yeyote wa mtaani aliyenyweshwa mafuta haya, mwambie mamake asimtapishe, asimpe maziwa ya kufukuza sumu, ampeleke hospitali moja kwa moja na chupa yenyewe mkononi ili daktari aione. Mtu mzima naye hayuko salama. Huko India wapo watu wazima waliokunywa mafuta haya wakapata kifafa, na mmoja aliyekunywa mengi aliharibika mishipa ya macho.

Na chango la mtoto wa miezi mitano? Mtoto wa umri huo hahitaji kitu tumboni isipokuwa maziwa ya mama mpaka atimize miezi sita. Analia jioni kwa sababu watoto wengi hulia jioni. Mbebe wima baada ya kunyonya mpaka acheue, mlaze kifuani. Akiwa na homa, anatapika kijani, tumbo limekuwa gumu au hataki kunyonya, hilo si la jirani wala langu, ni la daktari siku hiyo hiyo. Ile chupa usiitupe. Matone machache kwenye maji yenye sabuni kidogo hufukuza wadudu kwenye mchicha na sukuma wiki, na hiyo ndiyo kazi ambayo mafuta haya yanaiweza kuliko zote.

Sasa tuje kwa mama. Kutetemeka, jasho na maneno yasiyoeleweka, kisha kutulia baada ya chai tamu: hiyo ni sukari iliyoshuka kupita kiasi. Nasema hivi bila kumwona kwa sababu umeieleza kama inavyoandikwa vitabuni, na dawa iliyomtuliza ni ushahidi. Alikuwa na bahati kwamba ulikuwa jikoni.

Ili uelewe kilichotokea, tenganisha vile vidonge viwili. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari chini ya kiwango, kwani kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu. Glibenklamidi ndiyo yenye mkono mzito. Hulisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, na huendelea kulisukuma mtu awe amekula au hajala. Hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mtu mzima ambaye figo zimechoka kidogo hukaa zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Mama ana 61. Kwa hivyo hata kama mwarobaini usingekuwepo, ningekuambia mwende kliniki muulize kama anaweza kubadilishiwa, kwa mfano gliklazidi, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo lakini mpole zaidi kwa wazee.

Juu ya glibenklamidi hiyo mama anaongeza kikombe cha mwarobaini, tena tumbo likiwa tupu. Na hapa lazima nimtendee haki mama: hadanganyiki anaposema sukari imeshuka. Mwarobaini hushusha sukari. Mwaka 2020 watafiti wa India walichapisha jaribio la wiki 12 kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa tayari wanatumia metformini. Waliwapa dondoo, yaani dawa iliyokamuliwa kutoka majani na vijiti vya mwarobaini, miligramu 125, 250 au 500 mara mbili kwa siku, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Waliopata dondoo sukari yao ilishuka kuliko wenzao. Lakini tazama walivyofanya: kiasi kilipimwa, kila kidonge kilikuwa sawa na mwenzake, na damu ya wagonjwa ilikuwa ikipimwa muda wote.

Kikombe cha mama hakiko hivyo. Leo amechuma majani machanga, kesho makavu ya chini. Leo ngumi moja, kesho mbili kwa kuwa jana alijihisi vizuri. Leo maji yamechemka kidogo yakawa na rangi ya chai ya rangi, kesho sufuria imesahauliwa jikoni mpaka maji yamekuwa meusi na machungu ya kuunguza koo. Zote anaziita kikombe kimoja. Hakuna daktari wala tabibu wa mitishamba anayeweza kukuambia ndani yake mna dawa kiasi gani, ndiyo maana nikiulizwa kama nusu kikombe ni sawa, sijibu ndiyo. Maadamu yuko kwenye glibenklamidi, kikombe hicho kiwekwe kando kabisa. Kama mama ana kawaida ya kufunga Jumatatu na Alhamisi, jambo hili ni zito mara dufu.

Vidonge asiache. Nakuomba ulisisitize hili kwa upole lakini bila kulegea. Akiacha vidonge akabaki na majani, sukari itapanda polepole bila kelele. Hatatetemeka wala kutoka jasho. Ataanza kuona ukungu machoni, ganzi miguuni, kidonda cha kidole kisichopona. Asiyehisi kitu hudhani amepona.

Nyumbani kuwe na mashine ya kupimia sukari. Ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, au dalili zile zikirudi na mashine haipo karibu, mpe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi. Ngojeni dakika 15, mpime tena, na kama haijapanda mpe tena. Ikipanda, ale chakula kamili, mkate au wali, si biskuti. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Na hata akizinduka kwa sukari ya nyumbani, kwa sababu ya glibenklamidi inaweza kushuka tena usiku akiwa amelala, kwa hivyo apelekwe aangaliwe.

Umeuliza mbona tumeutumia tangu utotoni. Swali zuri, na jibu lake ni kwamba tulichokuwa tukitumia ni kingine. Bibi zetu walituogesha kwa maji ya majani tulipopata tetekuwanga. Walitupa kijiti cha kutafuna asubuhi, waliweka majani makavu kwenye gunia la mahindi, walifukiza uani mbu wakizidi. Kilichoingia tumboni kilikuwa kidogo na cha siku chache, homa ikipita na sufuria inarudi kwenye kazi zake. Mafuta ya mbegu hayakuwa ya kunyweshwa mtoto. Jani, gome na mbegu za mti huu havina nguvu sawa, na mbegu ndiyo yenye ukali zaidi. Huko ndiko azadiraktini imejaa, ile kemikali inayomzuia mdudu asijivue gamba akakua.

Hata huko ulikotoka mti huu hawaunywi ovyo. Ulivuka bahari pamoja na watu wa Bara Hindi karne ya 19, na leo umezoea chumvi na jua la Mombasa kama mzawa. Kwa matabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, mwarobaini unahesabiwa kati ya dawa chungu na za baridi, zinazofaa kwa kuwashwa, majipu, homa na minyoo. Lakini tiba hiyo hiyo inafundisha kwamba uchungu ukizidi hukausha mwili na kuudhoofisha, kwa hivyo mtu aliyekonda au mzee dhaifu hapewi kama kijana mwenye nguvu. Jikoni pia hutumika kwa kiasi kidogo. Bengal hukaanga majani machache machanga pamoja na biringanya majira ya kuchipua. Kusini mwa India, siku ya mwaka mpya wa Ugadi, maua yake kidogo huchanganywa na sukari guru na ukwaju, yakaonjwa, basi. Kikombe kizima kila asubuhi kwa miezi si mila ya wazee wa huku wala ya huko. Ni desturi ya juzi, nami nadhani imeenea kwa sababu watu wamechoka na foleni za kliniki na bei ya dawa. Siwalaumu.

Kuhusu ngozi nina maneno mema zaidi. Maji ya majani yaliyochemshwa, yakapoa, yakachujwa, ni mazuri kwa vipele vya joto na kuwashwa kwa mtu mzima na mtoto mkubwa. Kwa upele wenyewe, ule wa wadudu wanaochimba ngozi, mwaka 1992 iliandikwa kazi moja ya India ambako watu 814 walipakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano, na 97 kwa mia wakapona katika siku 3 hadi 15. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, kwa hivyo siuchukui kuwa neno la mwisho, lakini kwa mtu ambaye hana namna ya kupata losheni ya dukani ni kitu cha kujaribu. Mwanao wa miezi mitano ngozi yake bado ni laini mno. Mwogeshe kwa maji matupu na umvishe nguo nyepesi ya pamba. Joto likipungua vipele hupungua.

Kama mnataka mafuta kwa ajili ya mbu, watafiti wa India mwaka 1993 walichanganya asilimia 2 tu ya mafuta ya mwarobaini kwenye mafuta ya nazi na wakaona yanakinga. Asilimia 2 ni kijiko kimoja cha chai kwenye robo lita ya mafuta ya nazi. Yajaribu kwanza ndani ya mkono, ungoje siku moja, kwani wapo wanaotoka malengelenge. Mtoto mchanga ana chandarua, chandarua kinamtosha.

Na mti wenyewe uhakikishe. Upo jamaa yake, Melia azedarach, unaopandwa kwa kivuli na wengi huuchuma wakidhani ni huu. Matunda yake yana sumu. Ule wenu, ukiwa mwarobaini wa kweli, majani madogo yenye meno yamepangwa pande mbili za kikonyo kimoja, maua ni meupe na tunda limerefuka kidogo mfano wa zabibu. Yule jamaa yake kikonyo hugawanyika tena na tena kabla ya kufika kwenye majani, maua yana rangi ya zambarau, na matunda ni ya mviringo kamili, hubaki mtini hata majani yakipukutika.

Homa nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa najua mwenye mti uani huukimbilia. Ni kweli kwamba kwenye maabara kemikali iitwayo gedunini hupambana na vimelea vya malaria. Chupa ya maabara si damu ya mtu, na sufuria haitoi kiasi kinachohitajika. Tena homa ya Mombasa si lazima iwe malaria: tumepata dengi kwa wingi mwaka 2013, na chikungunya ilipita mwishoni mwa 2017 ikawaacha watu wanatembea wameinama. Mpime. Ikiwa ni malaria, dawa mseto ipo hospitalini.

Sasa vidonge vya dukani, kwa sababu najua swali linalofuata la mama litakuwa hilo: kama majani hayapimiki, si anunue vya kopo? Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda madukani Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa za tiba hiyo hutiwa madini kwa makusudi, nyingine huchafuka njiani. La kuogopesha zaidi kwa mgonjwa wa sukari ni lile la Singapore mwaka 2008. Watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitali sukari ikiwa imeshuka vibaya, na wanne wakafa. Dawa za mitishamba na za nguvu za kiume ambazo baadhi yao walikuwa wametumia zilipopimwa, ndani mlikuwa na glibenklamidi. Ni dawa ile ile ya mama, imefichwa kwenye kopo lenye picha ya majani. Basi kopo linaloahidi kumaliza sukari kabisa liogopeni kwa ahadi hiyo hiyo. Tafuteni nambari ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu, na ikikosekana rudisheni rafuni hata kama muuzaji ni mtu wenu wa siku nyingi.

Nyumbani kwenu kuna wengine pia. Wewe unanyonyesha, usinywe. Ukishika mimba tena usinywe pia, kwani katika wanyama mafuta na majani yamezuia na kuharibu mimba, na wapo wanawake wanaoyatumia kwa kusudi hilo hilo. Mume na mke wanaotafuta mtoto wakae mbali nayo. Vilevile mtu aliyepandikizwa figo, mwenye ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wake mwenyewe, na anayengoja upasuaji, ambaye aache walau wiki mbili kabla. Na kwetu Pwani wako wengi waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, bila kujua. Mwaka 2013 iliandikwa habari ya mtu wa namna hiyo ambaye chembe zake nyekundu za damu zilipasuka baada ya kunywa chai ya mwarobaini. Mkojo ukiwa mweusi kama kokakola na macho yakawa ya manjano baada ya kunywa, kimbilieni hospitali.

Limebaki la kuzungumza na mama, na pengine ndilo gumu kuliko yote. Usimnyang'anye kikombe mbele ya watoto. Ameubeba ugonjwa huu mwenyewe, na mwarobaini ni kitu alichokichagua kwa mkono wake baada ya miaka ya kuambiwa meza hiki, acha kile. Mwambie ukweli kwamba majani yana nguvu, na kwamba ni kwa sababu yana nguvu ndiyo yalimwangusha jikoni. Wagonjwa wengi hawasemi kliniki kwamba wanakunywa mitishamba kwa kuwa waliwahi kukaripiwa, kisha daktari anaona sukari imeshuka anadhani ni vidonge, au anaona imepanda anaongeza glibenklamidi. Nenda naye. Useme wewe kama yeye anaona haya.

Mchukue daftari dogo. Andika kila siku saa aliyokunywa vidonge, saa aliyokula, kipimo cha asubuhi, na tarehe na saa ya ile siku ya jikoni. Muulize daktari mambo matatu: abadilishiwe glibenklamidi kwa sababu ya umri, apimwe figo, na afanyiwe kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha sukari ilivyokuwa kwa takriban miezi mitatu iliyopita na si ya asubuhi ile tu. Kipimo kikitoka kizuri na dawa ikawa nyepesi, huenda daktari akapunguza kidonge, na hapo mama atakuwa amepata alichokuwa akikitafuta. Usingoje tarehe yake ya kliniki, mpeleke wiki hii.